Insulesheni ya nje ya ukuta: tuliyopewa bure na gharama tulizokuja kulipa

Nianze na sanduku langu la kanga maana ndo lilonifungua macho. Lilikuwa chumbani kwetu juu, limesukumwa mpaka ukutani, ukuta ule wa mwisho unaotazama nje. Januari 2022 nikalifungua nitafute kanga ya kumpelekea shoga yangu aliyejifungua, nikakuta doti nne za chini zimegandana, zina madoa meusi madogo madogo kama punje za pilipili manga, na harufu ya uvundo ambayo nimefukiza udi wiki nzima haikutoka. Moja ilikuwa ya mama yangu, aliyonifunga mwenyewe kiunoni siku naondoka Unguja. Nililia mpaka mume wangu akafikiri nimepigiwa simu ya msiba.

Tunaishi Leicester, Uingereza. Nyumba yetu ni ya mwisho kwenye mstari wa nyumba zilizoshikana, matofali mekundu, imejengwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kwa hiyo tuna kuta tatu zinazopigwa na baridi wakati majirani wa katikati wana mbili tu. Tuliinunua kwa mkopo 2019, mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, mume wangu anaendesha basi, watoto wawili, wa kike ana pumu. Nayasema haya yote mjue hatukuwa watu wa kuchezea hela.

Kwanza ujue ukuta wako ni wa aina gani, hili watu wengi hawalijui na mimi sikulijua miaka mitatu. Nyumba za hapa zilizojengwa kuanzia miaka ya 1920 kuja juu nyingi zina kuta mbili na uwazi katikati, hizo wanatoboa matundu wanapuliza sufu kwenye uwazi, kazi ya siku moja. Zile za zamani ni tofali tupu nje mpaka ndani, kama sentimita 23 basi. Toka nje uangalie: ukiona matofali yote yamelala kwa urefu, kuna uwazi. Ukiona refu fupi refu fupi, lile fupi ni kichwa cha tofali lililovuka ukuta mzima, na baridi nayo inavuka humo humo. Inasemekana kama theluthi moja ya joto la nyumba isiyo na insulesheni, yaani vazi la ukuta la kuzuia joto lisitoke, inapotelea kwenye kuta, na mimi naamini, maana nilinunua kile kipimajoto cha kulenga kama bastola, paundi 20, siku chumba kina nyuzi 19 nikailenga kona nyuma ya kabati ikasoma 9. Tisa! Hewa ya chumba yenye unyevu ikigusa sehemu ya baridi namna hiyo inageuka maji, kama chupa ya soda unapoitoa kwenye friji, na penye maji kila siku kuvu inaota. Kwa hiyo kanga zangu hazikuharibiwa na mvua, ziliharibiwa na pumzi zetu wenyewe na mvuke wa sufuria na nguo tulizokuwa tunaanika kwenye radieta za kupasha nyumba joto.

Aprili 2022 ndo bei ya umeme na gesi ikapanda kwa asilimia 54 kwa mkupuo mmoja, kile kikomo cha bei cha serikali kwa nyumba ya kawaida kilitoka paundi 1,277 kwa mwaka hadi 1,971, na Oktoba bili ya nyumba kama hiyo ikawa 2,500. Sisi tukawa tunawasha hita masaa mawili asubuhi na mawili jioni, watoto wanafanya homuweki wamevaa makoti. Unyumba wenyewe ukawa wa kugombana nani kagusa kile kidude cha hita ukutani.

Sasa Septemba 2023 akaja kijana mlangoni, mstaarabu, ana kitambulisho shingoni, akasema tunaweza kuwekewa insulesheni nje ya nyumba nzima bure kabisa, hulipi hata senti. Na mpango kweli ulikuwepo, uliitwa ECO4, serikali iliyalazimisha makampuni makubwa ya umeme na gesi yagharamie kazi hizi kwa watu wa kipato cha chini, na sisi kwa kuwa tunapata nyongeza ya serikali juu ya mishahara tuliingia. Kwa hiyo sikudanganywa hapo. Kosa langu lilikuwa kuona neno bure nikanyamaza. Ukilipa paundi elfu kumi na kitu zako mfukoni unauliza maswali mpaka fundi anachoka, ukipewa unaona aibu kuuliza, unajiona kama mgeni uliyekaribishwa chakula unaanza kuchunguza sufuria. Jamani ulizeni. Ile ni nyumba yako na mkopo wake unalipa wewe.

Mkaguzi akaja, akakaa dakika ishirini hivi, akapiga picha nyingi na simu, akapima madirisha, akaondoka. Gata yetu ya nyuma ilikuwa inavuja, inajulikana, kuna mstari wa kijani wa ukungu umeshuka ukutani kutoka juu mpaka karibu na mlango wa jikoni, hakuuliza na mimi sikumwambia. Nikasaini kwa kidole kwenye tableti. Nimesaini nini sikusoma.

Kazi ilianza wiki ya pili ya Novemba. Wakasimamisha jukwaa, wakaja vijana wanne, wakaanza kubandika mbao nene za stairofomu ya kijivu, unene sentimita 10, zile nyepesi kama inayofungiwa tivii mpya kwenye boksi. Utaratibu wake kwa wasiojua: zinapakwa gundi ya simenti nyuma, zinabandikwa ukutani kuanzia kwenye reli ya chini, zinakazwa na misumari ya plastiki yenye kofia kubwa, juu yake unapigwa udongo mwembamba wa simenti na wavu wa faiba unazamishwa humo, ikikauka inapakwa praima, mwisho lipu ya rangi ya silikoni. Ukuta wako unanenepa kama sentimita 11 au 12. Na hapo ndo penye kila kitu, maana ukuta ukinenepa, vyote vilivyokuwa vimetokeza nje vinabaki vifupi: kizingiti cha dirisha kinachomwaga maji, ukingo wa paa, bomba la maji ya mvua, bomba la moshi la boila (ile mashine ya gesi inayopasha maji ya hita), boksi la mita ya gesi, matundu ya hewa chini ya sakafu. Kila kimoja kinatakiwa kirefushwe au kihamishwe.

Hawa wetu hawakurefusha chochote. Vizingiti vya madirisha wakavizungushia mpira wa silikoni, juu kwenye paa nao silikoni, matundu ya hewa ya chini, yale matofali yenye vitundu, wakayafunika. Sisi sakafu ya chini ni mbao na chini yake kuna uwazi, ule uwazi usipopata hewa mbao zinaoza, mimi sikujua kama yana kazi nilidhani ni urembo wa kizamani. Mume wangu alirudi zamu siku ya tatu akakuta ubao umekaribia kulifunika bomba la moshi la boila, akawafokea, wakaukata kidogo kulizunguka. Mwambie fundi mapema: bomba la boila haliguswi bila fundi wa gesi aliyesajiliwa, ule moshi ukirudi ndani unaua watu wamelala.

Na siku wanapiga lipu kulikuwa na baridi kali asubuhi, kioo cha gari kina barafu. Nimekuja kujua baadaye kwamba lipu hizi hazipigwi chini ya nyuzi 5 wala ukuta ukiwa umelowa, na ule wetu ulilowa kila siku kwa ajili ya gata. Walitaka kumaliza tu. Wakashusha jukwaa Jumamosi, nyumba imekuwa nyeupe safi, majirani wanapiga picha, mimi nikawapikia vijana pilau. Kwa moyo wote niliwashukuru.

Na nikwambie ukweli, joto lilikuja. Hilo lazima niliseme kwa haki maana kuna watu wakisikia kisa changu wanasema insulesheni ni utapeli, siyo. Ile kona iliyokuwa nyuzi 9 Januari 2024 ilisoma 17. Asubuhi unaamka nyumba haijapoa. Gesi yetu kwa miezi ile ya baridi ilishuka karibu theluthi, na binti yangu alimaliza Desemba na Januari bila kwenda hospitali, kitu hakijawahi kutokea tangu tuhamie. Ukuta ukiwa umevishwa koti kutokea nje, matofali yenyewe yanakaa upande wa joto, yanatunza joto kama chungu kilichofunikwa.

Shida ilianza kujionyesha vuli ya 2024. Kwanza doa la rangi ya chai juu ya dirisha la chumba cha watoto. Halafu sebuleni harufu ya udongo uliofungiwa, ukikanyaga karibu na ukuta wa nyuma mbao zinabonyea kidogo. Halafu bafuni kuvu ikarudi na kasi kuliko zamani, maana wameziba kila upenyo wa baridi na hawakuweka feni, mvuke uende wapi? Mama mkwe alikuwa amekuja kutembea kutoka Tanga, mtu mzima hasemi sana, akaweka kiganja ukutani chini ya dirisha akakaa nacho pale, kisha akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu unatoka jasho." Nikaweka na mimi mkono. Karatasi ya ukuta ilikuwa laini kama ngozi ya mkono uliokaa sana majini.

Usiku ule nikamkumbuka marehemu baba. Baba alikuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, nyumba za kule kuta zake ni mawe na chokaa, nene, na maisha yake yote amegombana na wenye nyumba waliotaka lipu ya simenti juu ya chokaa kwa sababu inakauka haraka na inaonekana mpya. Alikuwa anasema maji yakishaingia nyuma ya simenti hayana pa kutokea, yatakula ukuta kutokea ndani na wewe unapiga rangi tu. Nimekulia kwenye maneno hayo, nimembebea baba ndoo za chokaa nikiwa na miaka tisa, halafu nikasimama uani kwangu Leicester nikaangalia watu wanafunika ukuta uliolowa sikufungua mdomo. Hilo liliniuma kuliko hela.

Nikapiga simu ile kampuni. Mara ya kwanza wakasema watakuja, mara ya pili wakaniambia ni mvuke wa kupika kwetu, "nyinyi mnapika sana," mara ya tatu namba haipatikani. Nikatafuta karatasi ya waranti, ile ya miaka 25 waliyoisema, sikuwa nayo. Sikiliza hapa vizuri: waranti hiyo inatakiwa itoke kwa taasisi nyingine inayojitegemea, isiwe ya kampuni yenyewe, ili kampuni ikifa waranti isife nayo, na inatakiwa iwe na namba yako wewe na anwani yako. Usikubali jukwaa lishushwe hujaiona. Na kazi yenyewe inatakiwa iwe imesajiliwa TrustMark, taasisi ya hapa inayosimamia ubora wa kazi za nyumba, unapiga unauliza, ni dakika kumi.

Tukamlipa mkaguzi wa kujitegemea paundi 450, mama mmoja makini sana, alikaa saa tatu. Alifanya kitu ambacho yeyote anaweza kufanya: aligonga ukuta na vidole, ubao hadi ubao. Panaposikika pum pum kama ngoma ujue ubao haujashika, gundi imewekwa madonge machache tu na nyuma yake hewa ya baridi inazunguka. Kwetu karibu nusu ya ukuta wa nyuma ulilia hivyo. Akatoboa tundu dogo kwenye pembe ya chini, maji yakatoka, mstari mwembamba wa kahawia, yakatiririka kwenye kiatu chake. Tulisimama kimya mimi na mume wangu tunayaangalia.

Januari 2025 serikali ikatangaza kwamba kampuni 39 zimesimamishwa kufanya kazi mpya za kuta kwa sababu ya kazi mbovu, na Ofgem, wasimamizi wa umeme na gesi hapa, wakaandikia barua wenye nyumba. Yetu ilipofika nilikuwa tayari nina ripoti na picha, na hizo picha ndo zilituokoa. Mume wangu ana tabia ya kupiga picha kila kitu, kila jioni ya zile siku za Novemba alizunguka nyumba na simu yake, kwa hiyo tulikuwa na picha inaonyesha matundu ya hewa yanafunikwa, na tarehe ipo. Wewe pia piga, kila siku, kabla lipu haijafunika, maana lipu ikishapita hakuna anayekuamini.

Oktoba mwaka huo huo Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa hesabu ikatoa ripoti yake: katika nyumba zilizowekewa insulesheni ya nje ya kuta chini ya mpango huu wa ECO4 na mwenzake, asilimia 98 zina kasoro kubwa za kurekebisha, nyumba kati ya 22,000 na 23,000. Nilipoisoma nikapunguza kujilaumu. Siyo mimi peke yangu niliyekuwa mjinga, na nyuma ya kila namba pale kuna mtoto anakohoa.

Marekebisho yetu yalifanyika kiangazi 2025, kampuni nyingine, hatukulipia ukuta wenyewe ila tulilipia tuliyotakiwa kuyafanya tangu mwanzo: gata mpya paundi 620, feni mbili za bafuni na jikoni zinazojiwasha zenyewe unyevu ukipanda 540, na mashine ya kukausha hewa 160. Ongeza yule mkaguzi, inakuja 1,770. Siku za kazi nilizokosa sijazihesabu. Ukuta wa nyuma ulibanduliwa wote ukaachwa uchi wiki saba ukauke, walikuwa wanapima unyevu kila wiki na hawakukubali kubandika mpaka umekauka. Safari hii niliuliza. Nilikuwa na daftari. Kwenye ukingo wa paa mtaweka nini? Kipande cha alumini kinachotokeza mbele ya lipu. Kizingiti cha dirisha je? Kipya, kirefu, chenye mfereji chini yake ili tone lidondoke lisirudi ukutani. Ndani ya pembe za dirisha mtaweka ubao? Mwembamba, sentimita 2, maana ukiacha pale tofali tupu baridi yote inajikusanya hapo na kuvu inafuata. Chini karibu na ardhi? Aina nyingine ya ubao usionyonya maji. Matundu ya sakafu? Yanapitishiwa mrija mpaka nje. Mume wangu yeye aliuliza moto, maana hatujasahau Grenfell, lile jengo la London lililoungua Juni 14, 2017 wakafa watu 72, na wale mafundi wa kwanza hawakumjibu. Huyu fundi wa pili alikaa chini akamweleza: kuna sufu ya mawe ambayo haiungui, kuna stairofomu ambayo inaungua ila kwenye nyumba ya ghorofa moja kama yetu inaruhusiwa ikifunikwa sawasawa na wavu na lipu bila mwanya, akamwonyesha kwenye kila dirisha ilivyofungwa. Fundi anayekasirika ukimuuliza, mshukuru umfungulie mlango atoke.

Kwa anayelipa mwenyewe, mpaka Machi 31, 2027 kazi hizi hazitozwi VAT hapa, fundi akikuongezea muulize. Kama mtaa wenu umewekwa kwenye hifadhi ya majengo ya kale omba kibali kwanza, na ukuta wa mbele unaopakana na njia ya watu unaweza kukataliwa. Waambie na watu wa bima ya nyumba.

Sasa hivi tuna kile kipimo kidogo cha unyevu cha paundi 10 kwenye kila chumba, watoto wanashindana kukisoma, kinatakiwa kicheze kati ya asilimia 40 na 60. Jana usiku baada ya kupika wali wa nazi kilifika 68, feni ikajiwasha, saa nne kilikuwa 55. Sanduku la kanga limerudi chumbani ila nimeliinua juu ya vibao viwili na nimeacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Ile kanga ya mama nilishaifua mara nyingi, madoa hayatoki, nimeikunja juu kabisa.

Jirani yetu wa Kongo, baba wa watoto watano, naye alitembelewa na kijana mwenye kitambulisho wiki iliyopita, akanipigia kabla ya kusaini. Nikaenda na daftari langu na tochi tukazunguka nyumba yake gizani, gata yake ya mbele imekatika pembeni na tofali chini yake zimelowa. Fundi wa gata anakuja Alhamisi, na yule kijana ameambiwa arudi na mkaguzi wake mwezi ujao, ukuta ukishakauka.